Wageni wa Mzee Wichai

Kila siku baada ya chai, Mzee Wichai alichukua mwavuli wake uliokunjwa, akauinua juu ya kichwa na kutangaza kwamba basi linaondoka. Wageni aliokuwa akiwatangazia walikuwa mtunzaji wake Vaileth peke yake, tena akiwa bado na sponji la vyombo mkononi. Mzee hakujali. Alimchukulia kama kundi zima. "Mabibi na mabwana," alisema kwa Kiingereza chake cha zamani, kile cha kuongozea watalii, "kofia, maji ya kunywa, na tafadhali tusipoteane. Leo tunakwenda Ayutthaya, jioni tunarudi."

Basi lenyewe lilikuwa korido. Nyumba ilikuwa ghorofa ya tatu, mjini Falls Church, Marekani, vyumba viwili na sebule, madirisha yakitazama barabara ya Route 7 na maegesho ya duka la magodoro. Ayutthaya ya kweli iko Thailand, mji mkuu wa kale ambao majeshi ya Burma yaliuchoma moto zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, ukabaki magofu ya mahekalu ya Kibuddha na matofali mekundu. Ujanani Mzee Wichai alikuwa mwongoza watalii huko, kabla hajaja Marekani kukaanga tambi kwenye mkahawa wa watu mpaka mgongo ukapinda. Sasa maradhi ya kusahau yalikuwa yamemfutia mkahawa wote na mji anaoishi, yakamwachia zile safari za kwenda asubuhi na kurudi jioni. Na yeye, mtu wa kazi, aliendelea kuziongoza.

Vaileth alitokea Rungwe, mkoani Mbeya, mtoto wa mwinjilisti, na kama kuna mtu aliyezaliwa aogope kukosea basi ni yeye. Kule Langley Park anakoishi, kila mtu huvuka barabara anapotaka, hasa tangu walipoanza kuchimba njia ya reli mpya na vivuko vikawa vinahamahama. Vaileth alisimama peke yake akisubiri taa hata kama hakuna gari, na basi la kumpeleka kazini likampita anaona. Alikuwa amebeba maboksi miaka mingi, maana Watanzania wa ughaibuni kazi yoyote huiita kubeba maboksi, hata isiyo na boksi. Yake ilikuwa kutunza wazee. Binti yake Queen alimwacha kwa bibi yake akiwa darasa la tatu, akamwahidi atamvuta haraka. Hiyo haraka ilimkuta Queen amemaliza kidato cha nne na bado anangoja.

Siku ya kwanza kampuni ilipompeleka kwa Mzee Wichai, Vaileth alimwamkia shikamoo. Hakukusudia. Mdomo tu ulikataa kumwambia mzee wa umri ule "hai" kama anamsalimia kijana wa dukani. Mzee naye alikutanisha viganja mbele ya kifua, akainamisha kichwa kidogo, na mambo yakaenda hivyo hivyo kila asubuhi, huyu na adabu yake na yule na yake.

Aliyempa kazi ni Malee, binti pekee wa mzee. Malee alikuwa mtu wa kompyuta, akiishi Woodbridge, na kila siku alikula foleni ya barabara kuu ya I-95 asubuhi na jioni, akipitia kwa baba yake kabla na baada ya kazi. Alimkalisha Vaileth jikoni akamweleza hali ilivyo.

"Baba hatembei tena," alisema. "Chakula hali, maji hanywi, anashinda kitandani. Na mimi hatuzungumzi sana. Yeye husema Kithai, mimi najibu Kiingereza, tumezoea hivyo tangu nikiwa mtoto. Sasa Kithai changu hakitoshi na Kiingereza chake kinakwenda." Akazungusha kikombe. "Kuna jambo moja ningependa kukuomba. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo sana, kabla hatujaja huku. Baba hajawahi kunisimulia habari zake. Sijui hata walikutana wapi. Kila nilipomwuliza, aliinuka akaenda kuosha masufuria. Akisema lolote juu ya mama, tafadhali niambie, hata kama litaonekana upuuzi."

"Nitakuambia, dada," Vaileth akamjibu. Aliahidi kwa moyo mweupe kabisa.

Wiki za mwanzo alijaribu kumrudisha mzee Marekani kila alipotoroka kwa mawazo. Mzee alimtazama kwa huruma, akageukia ukuta, akagoma kula. Mpaka siku moja, kwa kuchoka tu, Vaileth alimfuata nyuma ya ule mwavuli, na mzee akatembea kutoka kitandani hadi mlango wa mbele bila kushikwa mkono. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema juu ya kitoweo cha kuku, lakini Vaileth aliona maneno yenyewe yakitimia kwenye korido ya Falls Church.

Kuanzia hapo safari ikawa ndiyo kazi. Kituo cha kwanza kilikuwa jikoni, yaani jumba la kifalme la kiangazi, lililojengwa kando ya bwawa. "Wafalme walikuja hapa kukimbia joto," mzee alisema, akafungua friji ili wageni wasikie ubaridi. Aligawa chupa za maji, na kwa kuwa mwongozaji hawezi kuwaacha wageni wanywe peke yao, naye akanywa. Hapo hapo jumbani Vaileth alimwekea wali, akaula wote kwa heshima ya mfalme. Sebuleni makochi matatu yalikuwa minara mitatu yenye umbo la kengele, na ndani yake, mzee alieleza, yamelala majivu ya wafalme, kwa hiyo tafadhali msikalie. Viti vya kulia vilivyopangwa ukutani vilikuwa sanamu za Buddha zilizokatwa vichwa na maadui. Alipofika hapo aliteremsha sauti, na siku nyingine alitoa machozi.

Kisha ilikuja stendi ya makoti. Kule Ayutthaya kuna kichwa cha Buddha kilichoanguka chini, na mizizi ya mti wa jamii ya mkuyu ikakizunguka mpaka uso tu ndio unachungulia. Mgeni akitaka kupiga picha hapo lazima achuchumae, kichwa chake kisizidi kile cha Buddha, ndiyo adabu ya mahali. Basi Vaileth alichuchumaa mbele ya koti la mvua la Malee, na mzee akampiga picha kwa rimoti ya televisheni. Usicheke, wewe unayesoma. Goti la Vaileth lilikuwa bovu na bado alichuchumaa kila siku, kwa sababu mzee alifurahi sana.

Baada ya hapo ni mto, yaani bafu, na Vaileth alimwogesha humo bila ugomvi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kituo kimoja tu, chumba cha kulala, na huko hawakufika. Saa kumi Vaileth alipaswa kuondoka kuwahi zamu nyingine kwenye nyumba ya wazee upande wa Maryland. Kila alipovaa koti, mzee alishusha mwavuli wake kwa masikitiko.

"Kesho tuanze mapema," alisema. "Pale mwisho ndipo penye kisa. Kisa kile siwaambii wageni wote."

Vaileth alimpelekea Malee maneno hayo kama yalivyo. Malee aliweka mkono mdomoni, akakaa kwenye ngazi za jengo na mkoba wake wa kazi. "Ni yeye," alisema. "Ni mama. Kitu gani kingine baba anaweza kukificha hivyo?" Wakaafikiana iwe Ijumaa, siku ambayo Vaileth hana zamu ya jioni. Mzee asiharakishwe, aende mwendo wake mpaka afike. Malee alitamani kuwepo, lakini walijua kwamba mzee akimwona binti yake huacha safari na kuuliza kama amefanya kazi za shule.

Sasa, Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo, Vaileth alikwenda kwenye ushirika wao wa maombi kwa dada Bilha. Bilha ni Mkenya wa Bungoma, nesi, kiongozi wa maombi wa Waswahili wote wa Langley Park. Tusimsingizie Bilha, si mtu mbaya. Vaileth alipougua mapafu, ni Bilha aliyemlisha uji kwa kijiko na kumfulia. Ndiyo maana neno lake lilikuwa na uzito. Baada ya sala, kwenye chai na mandazi, Vaileth aliwasimulia safari za Ayutthaya ili wacheke. Walicheka wote isipokuwa mwenye nyumba.

"Ngoja kwanza," Bilha alisema. "Unavua viatu, una-squat mbele ya hiyo kichwa?"

"Ni stendi ya makoti, dada."

"Kwa macho yako. Na kwa macho yake? Vaileth wangu, hizo vitu hazijali kama ni stendi. Una-clock in, una-bow kwa miungu ya watu, una-clock out, halafu unakuja hapa kutuambia tuombee visa ya Queen. Huo mlango utafunguka aje?"

"Namfuata tu ili atembee," Vaileth alisema, lakini sauti ilikuwa imeshapungua. "Ni mgonjwa."

"Najua ni mgonjwa. Mimi pia ni nesi. Mwoshe, mlishe, mpende. Kupiga magoti si kazi uliyoandikwa." Bilha akamshika mkono, na macho yake yalikuwa na upendo wa kweli. "Queen anaingia interview lini?"

"Jumanne ya wiki ijayo, Dar."

"Basi wiki hii tunafunga. Wote. Na wewe usimpe adui mahali pa kusimama."

Mtu mwingine angecheka, akala andazi lake, akasahau. Vaileth alilibeba neno lile kwenye basi na kwenye treni, akaenda nalo wiki nzima. Alikumbuka miaka yote ya kumsikia Queen kwenye simu akibadilika sauti kutoka ya mtoto hadi ya mwanamke, yeye akiwa upande wa pili wa dunia anakata kucha za mama wa mwenzake. Alikumbuka mahojiano ya kwanza yaliyoahirishwa bila sababu. Akaanza kutafuta kosa lake, na mtu wa aina ya Vaileth akitafuta kosa lake halikosi kuonekana.

Ijumaa alifika Falls Church na mfungo wake, tumbo tupu, kichwa kizito. Mzee Wichai alikuwa ameamka vizuri kuliko siku zote. Alikuwa amejichagulia shati jeupe, akafunga vifungo mwenyewe bila kukosea hata kimoja. Malee alimbusu baba yake kichwani, akamminya Vaileth bega mlangoni. "Leo nakutegemea wewe," alimnong'oneza.

Safari ile ilikuwa nzuri kupita zote. Mzee alieleza kila kitu mpaka mambo ambayo hakuwahi kuyataja, jinsi umande wa asubuhi unavyokaa kwenye matofali ya zamani, jinsi mbwa wanavyolala kwenye kivuli cha minara. Kwenye stendi ya makoti Vaileth hakuchuchumaa. Alisema goti linamuuma. Mzee alisikitika, akasema basi picha tutapiga siku nyingine, akaendelea mbele. Akaoga. Akavuka mto.

Mlangoni mwa chumba chake cha kulala alivua ndara, akazipanga zikitazama nje. Vaileth alibaki na viatu vyake vya kazi. Mzee aliingia taratibu, akasimama mbele ya kitanda ambapo mto mrefu wa kulalia ulikuwa umelazwa chini ya shuka jeupe, na uso wake ukalegea wote.

"Huyu ndiye Buddha aliyelala," alisema. "Paa lake liliungua zamani. Jua linampiga, mvua inampiga, naye amelala tu, anatabasamu." Akageuka. "Niliwaleta wageni hapa siku moja ya joto kali. Mmoja wao hakusikiliza neno hata moja nililosema. Alikaa pale." Akaonyesha zulia mbele ya miguu ya Vaileth. "Pale pale. Kaeni, niwasimulie. Ila kwanza tumsalimie mwenye mahali."

Akashuka magotini kwa shida, akishikilia ukingo wa kitanda. Akakutanisha viganja. Akageuza shingo kumtazama Vaileth, akamsubiri.

Vaileth alijua. Wala tusiseme hakujua. Alijua kisa ndicho hiki, kwamba neno analolitafuta Malee maisha yake yote liko kwenye ulimi wa mzee na linahitaji tu yeye akae kwenye zulia. Lakini pia aliona dirisha la ubalozi Dar es Salaam na Queen amesimama mbele yake na faili kifuani. Akamwona ofisa wa dirishani akitikisa kichwa kumkatalia.

"Inuka, Mzee," alisema. "Mimi siwezi."

"Ni salamu tu, madam."

"Hakuna wa kusalimiwa. Hiki ni kitanda. Huu ni mto, na hili ni shuka, nimelifua mwenyewe jana. Hakuna hekalu hapa, Mzee, na hakuna wageni. Uko Marekani. Uko Falls Church. Mimi ni Vaileth, nakuhudumia."

Alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Mzee Wichai alitazama kitanda. Akakitazama kwa muda mrefu, akanyoosha mkono na kuugusa mto, akaubonyeza kidogo. Kisha alitazama mlangoni na nyuma ya Vaileth, akatafuta.

"Nimewapoteza," alisema. "Nimewapoteza wageni wangu."

"Hawakuwepo, Mzee."

"Walikuwepo. Nimewapoteza." Kwa mwongoza watalii hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, kurudi jioni bila watu uliotoka nao asubuhi. Vaileth alimwinua, akamlaza juu ya kile kitanda, akamfunika na lile shuka. Alikuwa ameshaanza kujuta kabla hajamaliza kumfunika, lakini hakujua namna ya kurudisha maneno.

Malee alipiga simu jioni. "Mlifika?"

"Alichoka njiani," Vaileth alisema. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Malee.

Jumanne Queen alipiga simu kutoka Dar akilia, na Vaileth akakaa chini kwenye sakafu ya stesheni ya treni watu wakimpita, maana alidhani amenyimwa. "Mama, wamenipa!" Queen alikuwa akisema. "Mama, unasikia? Wamenipa!" Bilha alipopata habari alipiga vigelegele kwenye simu mpaka jirani akagonga ukuta. Jumapili wakamtaka Vaileth atoe ushuhuda. Bilha alitamani aseme wazi jinsi alivyokataa kuinama. Vaileth alisimama mbele ya watu, akashika maikrofoni, akasema Mungu ni mwema, akakaa. Waliona ni machozi ya furaha, na sehemu yake ilikuwa furaha kweli. Huo ndio ulikuwa mtihani wake. Angenyimwa visa, angeweza kumkasirikia Bilha akapumua. Sasa alikuwa amepewa alichokiomba, na alipotaka kujuta ilionekana kana kwamba anamkufuru aliyempa.

Mzee Wichai hakuinua mwavuli tena. Vaileth alisubiri siku ya kwanza, ya pili, akajipa moyo kwamba maradhi ya kusahau yatamsahaulisha na lile. Lakini ugonjwa ule una ubaguzi wake, na lile haukulichukua. Mwishowe aliuchukua mwavuli yeye mwenyewe, akauinua mbele ya kitanda, akasema kwa Kiingereza cha mzee, "Mabibi na mabwana, basi linaondoka. Tafadhali tusipoteane."

Mzee alimtazama kwa upole. "Hakuna safari," alisema. "Hapa ni Marekani."

Vaileth alirudi tena na tena. Alivua viatu. Alichuchumaa mbele ya stendi ya makoti akamwita aje ampige picha, na goti likamuuma kweli safari hii. Alikaa kwenye zulia la chumba cha kulala, akakutanisha viganja akitazama kitanda, na kwenye kitanda alikuwa amelala mzee mwenyewe, macho kwenye dari. Bilha angemwona siku hiyo angeita kanisa zima. Mzee aligeukia ukuta. Miguu isipotembea husahau, na maji yasiyo ya wageni hakuyanywa. Kiangazi hakijaisha, akafa hospitalini, Malee amemshika mkono wa kulia na muuguzi wa kule wa kushoto. Vaileth alikuwa uwanja wa ndege akimpokea Queen.

Watawa wa hekalu la Kithai walipomaliza kumwombea siku zake, Malee alimwita Vaileth Falls Church. Nyumba ilikuwa inarudishwa kwa wenyewe. Kochi moja tu lilibaki, na viti viwili, na stendi ya makoti imekaa peke yake sebuleni.

"Nataka unipeleke," Malee alisema. "Safari ya baba. Mimi sijawahi kwenda, nilikuwa kazini siku zote. Niongoze tu kama alivyokuongoza."

Vaileth angeweza kukataa. Alitaka kukataa. Lakini Malee alishachukua chupa ya maji na kusimama koridoni kama mgeni, miguu pamoja, akingoja. Basi Vaileth akamwongoza. Alimwonyesha jumba la kiangazi na bwawa, akamfungulia friji iliyozimwa. Alimkataza kulikalia kochi. Alimwambia juu ya sanamu zisizo na vichwa, akateremsha sauti pale mzee alipoteremsha. Malee alicheka, akalia, akacheka tena. Alichuchumaa mbele ya stendi bila kuambiwa mara mbili. "Mbona hakuniambia haya?" alisema. "Ningekuja. Ningekuja kila siku."

Walivuka mto. Kitanda kilikuwa kimeshachukuliwa, zimebaki alama nne za miguu yake kwenye zulia. Malee alivua viatu mlangoni, akaingia, akakaa chini kwenye zulia, akakutanisha viganja. Hakuna aliyekuwa amemfundisha lile. Akainua uso.

"Hapa ndipo penye kisa," alisema. "Uliniambia. Alichoka njiani siku ile, lakini siku nyingine mlifika? Alisema nini?"

Vaileth alisimama pale pale aliposimama Ijumaa ile. Angeweza kumtungia kitu. Mawazo yalikuja yenyewe: msichana mzuri, kofia ya ukili, alitabasamu, wakaoana. Malee angeamini, angeshukuru, angekibeba mpaka kaburini. Akafungua mdomo akitoe, kikakataa kutoka.

"Tulifika Ijumaa ile ile," alisema. "Sikukuambia ukweli. Alisema siku ya joto alileta wageni, na mmoja wao hakusikiliza neno alilosema. Akasema mtu huyo alikaa hapo ulipokaa."

Malee alitazama zulia. Akaweka kiganja juu yake. "Halafu?"

"Akanitaka nikae, tusalimie, ndipo asimulie. Nikakataa. Nikamwambia hiki ni kitanda, hakuna hekalu, hakuna wageni. Nikamkatiza."

"Kwa nini?"

Kwa nini. Ijumaa ile sababu ilikuwa kubwa kama mlima Rungwe. Vaileth alijaribu kuipunguza iwe maneno ya kusemeka. "Mwanangu alikuwa anakwenda kuomba visa. Niliogopa nikipiga magoti hapa, Mungu atanifungia mlango wake. Niliogopa, dada. Sikumwogopa baba yako. Niliogopa tu."

Malee alibaki ameshika zulia kwa kiganja. Vaileth alisubiri apigiwe kelele, afukuzwe, aambiwe yeye ni mtu wa namna gani. Alikuwa amejiandaa. Angeyapokea yote, na pengine yangemsaidia.

"Na alikuja?" Malee aliuliza. "Mwanao?"

"Alikuja. Yuko nyumbani. Amelala, bado hajazoea saa za huku."

Malee aliitikia kwa kichwa polepole. Alipoinua macho hayakuwa na hasira, yalikuwa yamechoka tu, na alisema neno lake kwa upole, kama mtu anayemaanisha.

"Nimefurahi," alisema. "Akiamka, msimulie jinsi wewe na baba yake mlivyokutana. Usingoje akuulize."